Chai ya Tabaka

Jumatano

Wacheke wanavyotaka. Kura yangu nimeshaamua.

Mgombea alisimama hapa Tabaka leo akatushukuru kwa chai yetu nzuri. Chai! Sisi tunaoishi kwa kuchonga mawe! Watu walicheka mpaka akatokwa na jasho. Mume wangu amerudi nyumbani bado analirudia jambo hilo: "Mtu hajui hata kazi yetu, atatusaidia nini?"

Asubuhi mgombea alikuwa Ikonge kwa wakulima wa chai. Ulimi ulimponyoka, basi.

Baada ya mkutano alipita nilipokuwa napiga bakuli la jiwe msasa ndani ya beseni la maji. Wakubwa wengine hulisifu jiwe likiwa bado linang'aa kwa maji, wakaenda zao. Huyu alilitoa, akalifuta kwa mkono wa koti lake, akangoja likauke. Kisha akapitisha ukucha chini yake. "Mama, hapa bado kuna mikwaruzo."

Maji huficha mikwaruzo. Hilo hulijua aliyewahi kufanya kazi hii.

Nilimjibu kwa hasira kwamba nimemaliza. Mume wangu naye nitamwambia kesho ninayempa kura, akitaka anune.

Sasa hivi nimelipangusa bakuli, nikangoja likauke.

Mikwaruzo ipo.