Kisima cha Mama Kipo Uani, Abdurahmani

Mwaka umezunguka, Abdurahmani, tangu ulipotutoka hapa Ikwiriri, tukakupeleka kijijini kwetu Kiongoroni na kukulaza karibu na mama yako, Bi Mwanaidi. Hitima tumesoma. Watu wamekula, wamekuombea, wametawanyika. Sisi wa nyumbani tumebaki na jambo lililotuweka roho juu, na kwa kuwa ni la kwako, tunakusimulia wewe.

Wengi wanakujua kwa kibanda chako cha ufundi simu pale stendi. Hukuwa ukiketi kwenye kiti, ulikalia ndoo iliyogeuzwa, kiti ukamwachia mteja. Bibi asiyejua kusoma ulimwekea picha za wanawe kwenye simu ili ampigie amtakaye bila kuomba msaada kwa jirani. Simu iliyokufa ulisema imekufa, hukumzungusha mtu.

Wachache walijua kazi yako nyingine. Jua likipungua na wateja wakipungua, ulikuwa mhariri wa kujitolea wa ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika na yeyote anaweza kuisahihisha. Mdogo wako Doto alikuuliza wanakulipa nini huko. Ukamjibu, "Wananibishia."

Dada yako Mwanaamina, aliyekuwa akiuza ufuta pembeni mwa kibanda chako, ndiye uliyemfafanulia. Kila makala, ulimwambia, ina sebule na ina uani. Sebuleni ndiko wageni wanakosoma. Nyuma yake upo ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko wahariri wanakogombana. Mwenzio akifuta ulichoandika, usikirudishe, naye akafuta tena, mkawa kama watoto wanaovutana kanga. Mwite uani. Mweleze sababu yako, msikilize na yake.

Mwanaamina alicheka. "Kumbe wanaume mmetuhamia uani. Na umbea mnapika?"

"Tunapika, dada. Ila kule lazima useme umeusikia kwa nani."

Hukuwa malaika. Hasira ulikuwa nazo, tena za karibu. Mhariri akikuchoma kwa maneno, uliizika simu ndani ya gunia la ufuta la dada yako, ukaenda kutafuta kahawa. Dada akikuuliza, ulimwambia iache humo ipoe. Ukirudi unaifukua, unapuliza punje, unaanza: "Mwenzangu, salaam." Hata aliyekuita mjinga alipata salaam.

Aliyekuzikisha simu mara nyingi kuliko wote ni Bashiru, mhariri mwenzio ambaye hamkuwahi kuonana. Mligombania makala yako ya Kiongoroni. Wewe uliandika kwamba wakata mikoko wa kwetu wanakata kwa kuacha miche ikue. Yeye, akiwa na ripoti iliyochapishwa, akaandika kwamba wanaumaliza msitu. Ukamwambia umezaliwa pale na umeona kwa macho yako. Akakujibu, "Macho yako nayaheshimu, lakini msomaji hawezi kuyafungua akahakiki."

Siku ile simu ilikaa guniani hadi jioni. Kisha mkakubaliana kumwita mtu wa tatu asiye na upande. Naye hakusema nani mkweli. Alisema makala itaje nani kadai nini na kimeandikwa wapi, basi, msomaji apime mwenyewe. Ukatafuta, ukapata gazeti la zamani lililowahoji wakataji, nalo likaingia. Sentensi iliyobaki haikuwa yako wala yake. Ulimwambia Mwanaamina, "Haikunifurahisha, lakini naweza kulala nayo."

Ulipofariki, simu yako aliichukua Mwanaamina. Hakuifunga. Ilikuwa bado imefunguka kwa jina lako kule kwenye ensaiklopidia, naye kila alipokukumbuka aliingia kuisoma Kiongoroni. Alipenda hasa mstari mmoja uliouandika mwishoni: kwamba katika kijiji kile kilichozungukwa na maji ya chumvi, kisima alichochimbisha Bi Mwanaidi hakijawahi kukauka.

Kisha asubuhi moja, hitima yako ikikaribia, akakuta juu ya makala kibao kinachosema imependekezwa ifutwe. Haina marejeo ya kutosha, wahariri watoe maoni.

Abdurahmani, dada yako aliona kama kaburi linachimbuliwa. Aliacha ufuta wazi akaja nyumbani kwa mkeo Nasra huku kanga moja imebaki njiani. Hakujua kinafutwa na nani wala lini. Alichojua ni kile sisi sote tunachokijua: ndugu akiandamwa, unamjazia mkeka. Hata usiye na la kusema, unakwenda, unakaa, ili waliokuja kumwonea wakute si mpweke.

Basi akaandika kwa simu yako, kwa jina lako: "Makala ibaki. Hiki ni kijiji chetu." Akautuma ujumbe ule kwa ndugu, kila mmoja ajisajili auandike. Doto aliwakusanya vijana kwenye kibanda chako, chini ya mtandao mmoja. Ndugu wa Kibiti wakaitika, wa Mchukwi wakaitika. Kufika Magharibi uani kulikuwa na foleni ya watu wapya wakisema neno moja, nukta kwa nukta, na kichwani mwa foleni jina lako. Tulifurahi. Tulidhani mkeka umejaa.

Kumbe tumekuharibia. Msimamizi mmoja wa wahariri akaandika kwamba kule maoni hayahesabiwi vichwa, hupimwa sababu, na sababu hapa haipo. Tena akasema majina yale yote yanaonekana ni mtu mmoja aliyejivika nyuso nyingi. Akapendekeza jina la Abdurahmani, lililoanzisha, lifungiwe kwa udanganyifu.

Mwanaamina alikisoma kile kisha hakula. Wewe, uliyewaambia watu simu zao zimekufa, uitwe mdanganyifu, nawe huna mdomo wa kujitetea. Doto alitaka wawajibu kwa matusi, wajue Kiongoroni kuna watu. Nasra akasema bora kunyamaza, maneno ya mtandaoni yanapita. Mwanaamina alizunguka na mawazo yake. Akinyamaza, doa linabaki. Akisema kwamba umefariki, wataona maiti anapiga kelele, na udanganyifu ndio umethibitika. Ngozi ya mikono ilimwasha kama aliyeshika upupu.

Mwishowe alifanya ulilolifanya wewe. Aliizika simu kwenye gunia la ufuta, akaenda kupika. Wali ukaungua, akaula hivyo hivyo. Aliporudi aliifukua, akapuliza punje, akatoka kwenye jina lako na kujisajili kwa lake.

"Wenzangu, salaam," aliandika. "Mimi ni Mwanaamina, dada yake Abdurahmani. Abdurahmani alifariki mwaka jana. Maneno yaliyoandikwa hapa juzi kwa jina lake ni yangu. Hao wengine ni watu kweli, ni ndugu zake, niliwaita mimi. Kwetu mtu akiandamwa tunakuja wote. Sikujua kwamba huku wingi wetu unamchafua. Kama ni kufungia, nifungieni mimi. Jina lake liacheni safi."

Akakaa kusubiri. Kila simu ya mtu ilipolia stendi, aliitazama yake. Alipima ufuta akakosea mizani, mteja akamrudishia. Usiku ukaja, uani kimya. Asubuhi kimya. Akasema tumemuua ndugu yetu mara ya pili.

Aliyejibu ni Bashiru.

"Dada Mwanaamina, pole sana. Kibao nilikiweka mimi. Nilimwuliza uani rejeo la kile kisima, nikamwuliza tena, na tena, asijibu. Kabla ya hapo hakuwahi kuacha kunijibu hata siku moja, hata akiwa amekasirika. Nikadhani amenichoka. Nikaweka kibao ili atoke tugombane."

Mwanaamina aliposoma hapo aliishusha simu. Kwa mwaka mzima kulikuwa na mtu anakugongea mlango, na sisi, tulioishia kusoma sebuleni, hatukusikia.

Bashiru alimweleza msimamizi kwamba anakujua kwa maneno yako, na kwamba foleni ile haikuwa na harufu yako. Msimamizi akaliondoa neno udanganyifu. Jina lako wakalifunga, lakini kwa njia nyingine: kama wanavyofanya kwa mhariri aliyefariki, ili asije mtu akaandika tena kwa sauti yako. Mwanaamina alipinga kidogo, maana alizoea kuingia mle kama anaingia chumbani kwako. Kisha akakubali. Sauti ya mtu si nguo ya kurithi.

Makala imebaki. Ripoti ya Bashiru na lile gazeti lako ndivyo vilivyoiokoa, ugomvi wenu wenyewe. Ila kisima kimetoka sebuleni. Sheria ni sheria, Bashiru alisema, na hajaona palipoandikwa. Hakukitupa. Amekihamishia uani, mstari wako mzima, na chini yake ameandika: kinangoja rejeo.

Hapo ndipo tulipo. Mwanaamina ametuma watu Kiongoroni waulize kama kuna aliyewahi kuandika habari za maji yale, mtu wa mradi, mgeni, yeyote. Mpaka leo hakuna jibu. Anaogopa wazee wanaokijua watamalizika kabla hajatokea wa kuandika. Kila Alasiri anapita uani kuangalia. Bashiru naye hupita. Wakikutana wanasalimiana, wanabishana kidogo, wanaagana. Juzi Mwanaamina alimwuliza Bashiru kwa nini asikirudishe tu kwa heshima ya marehemu. Akajibiwa kwamba marehemu angemfokea. Dada yako akacheka, kicheko ambacho tangu msiba hatukuwa tumekisikia.

Mwenyezi Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako.

Unakumbukwa na mkeo Nasra, wanao Ahmed na Hafsa, dada yako Mwanaamina, mdogo wako Doto, ami yako Huseni aliyeshika kalamu hii, na ndugu wote wa Kiongoroni, Ikwiriri, Mchukwi na Kibiti, pamoja na Bashiru, ambaye ameomba atajwe. Kisima cha mama kipo uani, kinangoja. Na wewe, atakayetuuliza habari zako tumezitoa wapi, tutamjibu kwamba tuliishi nawe. Hutatutoka moyoni kamwe.