Kitanda cha Chini ni Chako, Baba

Toronto, Jumapili mchana

Baba yangu Mzee Shabani,

Shikamoo, Baba. Salamu zangu zikufikie hapo mtaani kwetu Gerezani, zikukute umeshakunywa chai yako na goti limetulia. Mimi mzima, alhamdulillah. Mgongo tu ndio unalalamika, maana hotelini wiki hii wafanyakazi tulikuwa wachache na vitanda vya kutandika ni vilevile. Presha yako vipi? Najua utasema "salama tu" hata kama si salama, kwa hiyo nitamuuliza Dada Mwajuma.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu, nikikuuliza habari za mtaa, unanisikia vizuri kabisa. Nikisema tu "Baba, ile safari," mara unaanza: "Haloo? Haloo? Rehema, mtandao huo!" Barua haina mtandao, Baba. Vaa miwani, usome mpaka mwisho.

Nianze na aibu yangu, angalau ucheke. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda stesheni kuulizia treni ya kwenda Vancouver kwa kaka Hamisi. Ni safari ya siku nne na ushee, na watu wanalala humohumo. Dirishani alikaa mama mmoja wa makamo. Nikamwambia kwa kujiamini kwamba nataka nafasi mbili za kulala, moja chumba cha wanawake na moja chumba cha wanaume, maana nasafiri na baba yangu.

Akaniangalia. "Chumba cha wanaume?"

"Ndiyo. Yeye atalala na wanaume wenzake, mimi na wanawake wenzangu."

"Binti, sisi hatuna hivyo vyumba. Humu watu wanachanganyika, kila mtu na pazia lake."

Pazia, Baba! Nilishtuka. Nikaanza kumweleza palepale kwamba kwetu, daraja la pili kulala, hata mke na mume wanaagana koridoni kama hawakukodi chumba kizima, na kwamba baba yangu alihudumia behewa hilo mpaka akastaafu na hakuruhusu mchezo. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanionyesha picha ya chumba cha watu wawili, kina mlango wa kufunga, kitanda cha juu chenye ngazi na kitanda cha chini. Hapo roho yangu ikatulia, nikamwomba atushikie hicho.

Mengine nimeuliza yote, kwa sababu najua ungeuliza. Maji yapo, hata bafu lipo ndani ya behewa. Chakula ni humohumo. Nyama tutaiacha, maana hatujui imechinjwaje, lakini samaki na mayai hayakosekani. Siku ya kwanza na ya pili ni misitu, mawe na maziwa. Halafu inakuja tambarare ya mashamba, na mwishoni milima yenye theluji. Kuna behewa moja lina paa la kioo, unakaa juu unatazama dunia. Na hili litakufurahisha: huku treni ya abiria inapisha treni ya mizigo. Inasimama porini, inasubiri mabehewa ya mizigo yapite mpaka yaishe, ndiyo iondoke. Ulisema treni mpya ya umeme ya hapo nyumbani huipendi kwa sababu hata usingizi haujakolea umeshafika Dodoma. Basi hii ya huku ni saizi yako.

Baba, sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka uliponichukua mimi na Mama kwenda Tabora, nikiwa darasa la pili? Asubuhi ya siku ya pili nilichungulia koridoni nikakuona. Ulikuwa umekaa mwisho wa behewa juu ya furushi la mashuka machafu, kofia mkononi, umesinzia na kichwa kinagonga ukuta kila treni inapotikisika. Nikamuuliza Mama, "Mbona Baba hana kitanda?" Mama akanijibu, "Vitanda vyote hivi ni vyake." Nikamwamini. Nilikaa na fahari hiyo miaka mingi, mpaka nilipokuja huku nikaanza na mimi kutandikia watu vitanda, ndipo nikaelewa. Siku ile nililia stoo ya mashuka, msimamizi akadhani nimeumia. Pembe za shuka ninazikunja kama ulivyonifundisha. Yule msimamizi aliwahi kuniuliza nilisomea chuo gani, nikamjibu, "Reli ya Kati."

Ndiyo maana sitaki upande ndege mpaka Vancouver. Ndege itakufikisha hapa Toronto, basi. Kutoka hapa nataka ulale kwenye treni, wewe mwenyewe, kama abiria. Na kule mwisho kuna mjukuu wako Asha, ana jina la Mama na, Hamisi anasema, ana ukaidi wa Mama. Tangu tumzike Mama hujavuka hata kivuko cha Feri. Kila siku ni nyumbani na dukani kwa Dada, dukani na nyumbani. Ninaogopa, Baba. Ninaogopa huyo mtoto atakujua kwa picha tu.

Viza umeshapata. Ulisema utakuwa mzigo. Mimi ndiye niliyekuita, sasa mzigo wa nani? Ukasema ukiondoka nani atamkunjia Dada mashuka ya dukani. Kweli, wateja wa Kariakoo wanasifu ukunjaji wako, lakini Dada anasema watavumilia mwezi mmoja. Yule mama wa stesheni anatushikia chumba mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo anawapa wengine.

Halafu, Baba, usimgombeze Dada kwa hili. Ameniambia ulikwenda mitumbani peke yako ukanunua koti zito la sufu, ukalificha chini ya kitanda. Koti la sufu, Gerezani, kwa joto hilo? Nilicheka kwa furaha. Sikuulizi kitu. Nasema tu kwamba hali ya hewa ya huku italifaa sana.

Nisalimie Dada Mwajuma na shemeji, na wanangu wale wawili, waambie mama mdogo hajasahau viatu. Msalimie Mama Neema wa duka la jirani, anayekuletea ndizi za kwao Machame. Msalimie na muuza kahawa wako, umwambie kiti chako akitunze.

Kitanda cha chini ni chako, mimi nitapanda juu. Usiguse shuka, kutandika ni kazi ya mhudumu. Ila ule ufunguo wako wa behewa, ulioutundika msumarini karibu na kalenda, uje nao. Siku ya mwisho nitaamka kabla yako, nitatoka koridoni na kufunga mlango. Halafu nitagonga kwa ufunguo mara tatu, kama ulivyokuwa ukiwagongea abiria wako, na nitasema maneno yako yaleyale: "Abiria, amka taratibu, kituo chako kinakaribia."

Mwanao akupendaye,
Rehema