Baba, Nimesoma Bila Kuchezesha Midomo

Baba,

Nakuandikia hapa hapa mezani jikoni, upande wangu. Upande wako sijamkalisha mtu. Waliokuja kutupa pole walivuta viti vyote vya nyumba hii, na viwili vya Mama Furaha wa ghorofa ya chini, lakini kiti chako nilikisogeza ukutani nikaweka kapu la nguo juu yake, na hakuna aliyeuliza. Ungekiona leo ungenigombeza, maana kapu bado lipo na nguo zimerundikana.

Nina habari mbili. Moja utaipenda, nyingine nilipaswa kukwambia ungali hai. Naanza na hii ya pili, kwa sababu nikianza na ile njema nitajificha ndani yake.

Unakumbuka nilivyoanza kujiandaa na mtihani wa Kiingereza, ule wa kuingilia masomo ya uzamili. Nilikuwa narudi kutoka kazini Erdington, kwa wazee wangu ninaowaogesha na kuwalisha, miguu inawaka moto, nakukuta umeshachemsha chai na kitabu cha msamiati umekiweka mezani, kimefunguliwa. Kiingereza hukukijua. Miaka yako yote ya ughaibuni, hapa mtaani kwetu Ladywood, ulijifunza kusema asante na kuuliza kituo cha basi, na hayo yalikutosha kwenda msikitini na kurudi. Lakini ulifundisha chuo cha Kurani kule Wete mpaka ndevu zikawa nyeupe, na kwako kusoma ni kusoma tu. "Toa sauti, Raya. Ukifumba mdomo nitajuaje umekosea?"

Basi nikawa nasoma kwa sauti, mwanamke mzima mwenye digrii yake, nayumba mbele na nyuma kama mtoto wa juzuu ya Amma. Nikisita, unagonga meza kwa pete yako ya akiki. Tok. "Hapo hulijui. Rudi." Na kweli, kila ulipogonga palikuwa na neno nisilolijua. Mpaka leo sijui ulikuwa ukilisikiaje. Kifungu kimoja cha kitabu, kilichohusu nyuki, nilikirudia mara nyingi hata ukauhifadhi mlio wake wote, na siku moja, nimechoka, nilipojaribu kukata njia, ukanishika: "Umeruka mstari." Mjukuu wako Nasra alicheka mpaka akakaa chini. "Mum, he got you!"

Siku nilipokimaliza kitabu ukasema mtu hakhitimu juzuu watu wasile kitu. Halua sikuipata, nikarudi na tende, tukagawa mlango kwa mlango. Mama Furaha alizipokea kwa mikono miwili, akanipongeza kwa Kifaransa chake: "Félicitations, mama! Sasa utakuwa docteur?" Ukamjibu kwa Kiswahili chako cha Pemba kwamba bado, lakini yumo njiani. Nilikuonea haya kidogo, na nilifurahi sana.

Halafu ukaja mtihani. Ukumbi mzima kimya, na mimi sijui kusoma kimya. Kwenye kifungu cha pili msimamizi alinijia mezani akaniambia nanong'ona, nawasumbua wenzangu. Nikaomba radhi, nikafumba mdomo, na maneno yote yakanikimbia. Nikawa naziona herufi, sisikii kitu. Sentensi moja niliisoma mara tano, na bila kujua nikaanza tena, midomo inacheza, mwili unayumba. Msimamizi alipokuja mara ya tatu alinihamishia pembeni karibu na mlango, watu wananitazama. Muda uliisha kifungu kizima sijakigusa.

Matokeo yalipokuja ndipo nilipokwambia yale maneno. Nayaandika kama yalivyotoka: "Kisomo chako cha chuoni ndicho kilichoniangusha, Baba. Hapa si Wete." Ulimaliza chai yako, ukaosha kikombe, ukaenda kulala, wewe ambaye mchana hulali.

Kesho yake nilikukuta kitini kwako, na kidoleni pete haipo. "Leo soma kimoyomoyo. Mimi nitakaa tu." Nilielewa umeivua kwa ajili yangu, na badala ya kusema nisamehe nikafungua kitabu. Kiburi, Baba. Umenizaa, unakijua. Nikawa nafuata mistari kwa kidole, na wewe unakitazama kidole. Kilipokwama ukasema polepole, "Hapo." Nikadhani umebahatisha. Kilipokwama tena, ukasema tena.

Tulikwenda hivyo wiki tatu. Kila siku nilijiambia nitakuomba radhi nikishafaulu, nije nayo pamoja na barua ya chuo kikuu mkononi, iwe na uzito. Moyo wako haukungoja. Watu wa ambulensi wanapanda ngazi, na wewe unaniuliza kama leo nimeshasoma.

Waliokuosha walinirudishia koti lako. Pete niliikuta mfuko wa ndani, umeiviringisha kwenye leso.

Miezi miwili sikukigusa kitabu. Nikisoma kwa sauti nakiona kiti, nikisoma kimya nakiona kiti. Nasra ndiye aliyenisajili upya kwa mtihani bila kuniuliza. Unamjua, tunamsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Siku hiyo alisimama mlangoni akanitolea Kiswahili, kibovu, chake mwenyewe: "Babu atakasirika. Wewe hasomi." Nikaenda kukitafuta kitabu.

Sasa habari njema. Nimefaulu, Baba. Si kwa kishindo, nimepita kwa alama chache tu, lakini nafasi nimepewa. Nilikaa pale ukumbini sitikisiki, midomo nimeibana, kidole kwenye karatasi. Kilipokwama mara ya kwanza niliinua macho kukutazama, kwa mazoea tu. Mbele yangu palikuwa na ukuta na saa. Nililia kidogo, bila sauti, msimamizi hakuona. Kisha nikarudi mwanzo wa sentensi, nikaielewa.

Jana nilikuja kaburini na barua ya chuo kikuu. Pete yako niliivaa kidole gumba, kwingine kote inapwaya. Nilikuombea dua, halafu nikasema, na hapa nakuandikia ili ibaki: nisamehe. Kisomo chako hakikuniangusha. Nilifedheheka mbele za watu, nikatafuta wa kumtupia lawama, nikakutupia wewe uliyekuwa karibu. Ulinifundisha kusikia pale nisipojua, na hilo ndilo lililonivusha.

Kisha nikakusomea barua yote, kwa Kiingereza, kwa sauti, nayumba. Mzee mmoja aliyekuja kumzuru mtu wake aligeuka kunitazama, mimi nikaendelea. Katikati pana neno nisilolijua, nikasita. Nikangoja. Yalisikika mabasi tu kule barabarani. Nikagonga kwa pete kwenye ubao wenye jina lako, nikarudi mwenyewe.

Masomo yanaanza mwezi ujao, na kitabu cha kwanza ni kinene kuliko vyote ulivyonifungulia. Nakuahidi nitakisoma kimya maktabani, na nikirudi nyumbani nitakisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na nikikimaliza nitagawa tende jengo zima hata wakinicheka. Pumzika, Baba yangu. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema na akulipe kwa kila jioni uliyokaa na mimi.

Nikiweka kalamu chini naondoa lile kapu la nguo. Nasra ameomba kukikalia kiti chako. Nimemkubalia, kwa sharti moja: akinisikia nasita, agonge meza.

Mwanao,
Raya