Ngosha Hakumpita Mama Mkwe

Nyakato, Mwanza
14 Agosti 1996

Mpendwa Kaka Malimi,

Shikamoo. Hamjambo huko Songea, wewe na wifi Getruda? Kile kikohozi cha mtoto kimeisha? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu umenyong'onyea, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Shemeji yako Ngosha ameikosa ile kazi ya kiwanda cha samaki. Tangu alipopunguzwa kazini mwaka jana, matumaini yetu yote yalikuwa hapo.

Daktari wa kiwanda hakutumia mashine. Kila mwombaji alitakiwa kutembea maili moja barabarani, haraka awezavyo bila kukimbia. Akifika, daktari anatazama saa, anamhesabia mapigo ya moyo mkononi, kisha anakadiria kama ana pumzi ya kutosha kubeba makreti. Ngosha mwenye kupanda mlima na gunia begani bila kuhema, tulijua atapita tu.

Kumbe Mama, ambaye amekuja kututembelea kutoka Busisi, alikuwa njia ileile akienda kununua mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwandani. Alikuwa mbele, taratibu na beseni lake kichwani, huku mtaro, huku ukuta. Sisi Wasukuma unatujua, mwanamume hampiti mama mkwe wake njiani. Ngosha akapunguza mwendo, akamfuata kwa mbali mpaka mwisho. Wenzake wote wakampita. Alipofika, mapigo yalikuwa yametulia kama ya mtu aliyekaa barazani. Lakini daktari akatazama saa tu, akaona amechelewa mno, akasema huyu hana nguvu za kazi.

Naye hakujieleza. Aliona haya kumtaja mkwewe mbele za watu. Niliposikia nilikwenda mwenyewe kumbembeleza daktari, nikakuta nafasi zimejaa. Nimelia, kaka. Nilimkasirikia Ngosha siku nzima, kisha nikaona kwamba angempita Mama ningemkasirikia zaidi.

Mama hajui kitu. Ameambiwa tu kwamba mkwewe ana pumzi fupi, basi kila asubuhi anachemsha mizizi, anaiacha mlangoni na kuondoka kabla mwenyewe hajatoka. Ni chungu mno. Ngosha anainywa yote, anarudisha kikombe palepale, kisha anakwenda kutafuta kibarua.

Nisalimie sana wifi, na shangazi Tereza mkionana. Mungu awatunze nyote. Na ukimwandikia Mama, kaka, nakuomba umwambie dawa yake inamsaidia Ngosha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Bernadeta