Masoga ni Nani

Jumatatu, 6 Oktoba
Kuku nimelisha. Jembe nimenoa, ingawa mvua bado. Ndoo ya kisimani inapanda nusu, na hiyo nusu ni tope.

Mwenyekiti wa kitongoji kapita. Kibao cha barabarani kinakuja. Kitaandikwa Kwa Masoga, na chini yake huyo Masoga alikuwa nani. Atamuuliza nani zaidi yangu? Masoga ni mjomba wangu. Mwindaji. Alichimba kile kisima kwa mikono yake, akafa mzee kitandani, ameshiba. Nimeishia darasa la pili lakini kichwa changu ni ghala. Kijiji chote cha Litapunga kinajua.

Jumatano, 8 Oktoba
Mkutano. Nzeyimana kasimama. Hawa wa kwao ndio walioletwa na malori toka Burundi, yeye akiwa mtoto. Anasema Masoga ni baba yake. Eti alichimba kisima akafia humohumo, hewa ilimwishia. Ndiyo maana kwao hashuki mtu kabla taa haijatangulizwa chini.

Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee mwenzangu, nyie mlikuja mkakuta maji yameshachotwa."

Watu wakacheka. Mikono ikanyooshwa. Nimeshinda.

Sasa desturi ya hapa: kisima kikisafishwa, wa kwanza kushuka ni mtu wa ukoo wa aliyekichimba. Miaka yote walishuka wa kwa Nzeyimana. Tuliwaachia, nani anapenda tope? Mwaka huu ni sisi. Jumamosi atashuka Deusi, kitindamimba wangu. Nimelitamka mwenyewe, kwa sauti.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama Deusi kanuna. Uji kautua, kaondoka.

Nzeyimana kaja na chemli yake. Hakuingia. "Tangulizeni hii, mzee. Ikizima, mtoto asishuke."

Nimeikataa. Nikiishusha ile taa, nimekubali hadithi yake yote. Kaiacha kizingitini, kaenda zake. Nimechukia sana. Sijaigusa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Vyura wa kisimani wamenyamaza. Juzi walikuwa wanalia. Harufu ya mayai viza. Nimeinama mdomoni mwa kisima, kichwa kikaanza kugonga. Njaa hiyo.

Deusi anajaribu kamba kiunoni, anacheka. Kaniuliza, "Baba, kwani mjomba wako alitumia taa?"

Nimemjibu hapana. Nimejibu haraka mno.

Usiku nimetoka kuitazama ile chemli kizingitini.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimetoka kabla watu hawajaamka. Chemli nimebeba. Kuangalia tu, siyo kukubali.

Nimeifunga kamba, nikaishusha. Inawaka vizuri. Nikafurahi, nikaanza kupanga maneno ya kumwaibisha Nzeyimana. Ikakaribia maji. Ikafifia. Ikazima.

Nikasema upepo. Nikaipandisha, nikaiwasha, nikaishusha. Ikazima palepale. Kule chini hakuna upepo.

Watu wakaja. Deusi tayari kavaa kamba, mguu mmoja ukingoni. Nikaishika ile kamba.

"Hushuki."

Akauliza kwa nini, wote wanasikia. Nikainua chemli imezima, kioo cheusi. Nilingoja wacheke. Hakucheka mtu. Nzeyimana alivua kofia, akakaa chini, anatazama ndani ya kisima.

Nimeogopa.

Jumapili, 12 Oktoba
Watoto wa Nzeyimana wamekata matawi ya majani mengi, wanayashusha na kuyapandisha kisimani kwa kamba, kuitoa ile hewa. Deusi yupo nao, anavuta. Hakuna atakayeshuka mpaka taa ikae inawaka.

Nimemrudishia chemli. Kioo nimekisugua kwa majivu mpaka kimeng'aa, hakuna anayejua kusugua kioo kama mimi. Tumekaa mlangoni kwake. Kahawa yake chungu.

Kibao bado hakijaandikwa.

Bado nasema Masoga ni mjomba wangu. Ila alifia humo kisimani.