Roshani ya Hamriya

Al Amerat, Ijumaa

Dada yangu Khulood,

Hatujambo sote, na joto limepungua.

Ile nyumba ya Hamriya, aliyoijenga Baba mafuta yalipoleta neema, akaitia roshani ya mbao kama za kwao Unguja, nimeiuza. Mnunuzi keshaivunja, anataka kujenga ghorofa. Mama sikumwambia.

Jana kanishikilia nimpeleke akaione. Nikasimamisha gari mbele ya kiwanja kitupu. Akatazama, akacheka.

"Siyo hapa, mwanangu. Umepotea njia."

"Kweli, Mama, nimepotea," nikamjibu, nikageuza gari.

Leo anawahadithia wajukuu vipi nilivyoisahau nyumba niliyozaliwa, nao wananicheka. Njoo, dada, umwambie wewe. Mimi nashindwa hata kumtazama usoni.

Mdogo wako,
Manal