Ngozi ya Ng'ombe wa Lori

Nyarugusu, kiangazi

Mama Kulwa,

Natumaini wewe na pacha wetu hamjambo huko Maganzo. Mimi mzima, ila moyo ni mzito.

Unajua nilivyotumwa na idara ya mifugo kulifuatilia lile lori linalopeleka ng'ombe machimboni, niulize kila liliposimama, kwa ajili ya homa ya mapafu inayoambukizana kati ya ng'ombe. Karibu na Kagongwa nikaambiwa mwenye lori alimshusha ng'ombe aliyekuwa akikohoa, akamwacha barabarani. Mjane mmoja akamhurumia, akamlaza na ng'ombe wake.

Zizi lake nimelikuta tupu. Alinipikia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniomba radhi kwamba hana maziwa ya kuilia. Msukuma kukosa maziwa ya mgeni! Hakumlaumu mtu. Alinipa ngozi kavu, kaikunja vizuri, akasema, "Mwanangu, ukimwona mwenyewe mwonyeshe, ajue ng'ombe wake alikufa. Asije akadhani nilimwuza."

Leo nimempata mwenye lori sokoni hapa. Nikaikunjua ngozi mbele yake. Akaitazama, akaniuliza, "Ng'ombe gani?"

Mwambie Baba, lori likimshusha mnyama hapo kwetu, asimpokee. Najua itamuuma, hakutulea hivyo. Nawakumbuka sana, hasa jioni mnapokamua. Wapakate pacha kwa niaba yangu.

Njia ya kurudi ni ile ile ya Kagongwa. Yule mama ataniuliza mwenye lori alisemaje.

Wako,
Baba Kulwa